Tulipokuwa Watu wa Kupokea

Kwetu Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ibada ya Jumapili haimalizwi na baraka ya mchungaji. Tunatoka tukiimba, tunasimama duara pale uwanjani, na mnada unaanza. Wako waliotoa sadaka ya fedha ndani, na wako waliokuja na walichojaliwa shambani: mkungu wa ndizi za mshare, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu, chupa ya maziwa, parachichi, boga. Mnadi anakiinua kitu juu, anataja bei ya kuanzia, watu wanapandishiana. Bei ya pale haifuati soko. Mayai machache yanaweza kununuliwa kwa fedha ambayo sokoni ingekupa trei nzima, na hakuna anayeshangaa, maana fedha yote inaingia kwenye sadaka. Halafu kuna jambo ambalo mgeni huchelewa kulielewa. Mtu ananunua mkungu, analipa, kisha anasema kwa sauti: "Huo upelekwe kwa bibi wa kule bondeni." Kijana anaubeba, mnada unaendelea.

Kwa miaka mingi mume wangu alikuwa mmoja wa wale wanaosema, "Upelekwe." Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wangu na kahawa yake vilitutosha kusomesha watoto, na usharikani tulihesabiwa kati ya nyumba zinazotoa. Ninaandika kwa sababu ya yaliyotufika tulipohamia upande wa pili wa mnada ule, na kwa sababu nimewaona Wakristo wengi waliozoea kuhudumia wengine wakiteseka mara mbili siku wanapohitaji kuhudumiwa: wanateswa na shida yenyewe, na wanateswa na aibu ya kusaidiwa.

Ilikuwa masika, majuma machache baada ya Pasaka. Alitoka alfajiri kwenda kukata majani ya ng'ombe, akarudi mlangoni ameshika panga kwa mkono wa kushoto. Uso wake upande wa kulia ulikuwa umelegea. Nilimwuliza amepatwa na nini, akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Akaketi kizingitini, na mguu wa kulia haukunyanyuka tena.

Masika njia ya kutoka kwetu hadi barabarani huwa tope tupu, gari haliingii. Nilipiga simu huku na kule, na waliofika wa kwanza ni vijana wa bodaboda wa kijiwe cha njia panda. Walikiburuta kiti cha mikono kutoka sebuleni, wakamkalisha, wakamfunga kwa khanga zangu asianguke, wakakibeba kiti mabegani. Walikuwa wakipokezana, wengine wakitangulia kukanyaga tope wapate kuona palipo pagumu. Hao ndio vijana ambao mume wangu alikuwa akiwasema kila mara kwamba Jumapili wanashinda kijiweni na kanisani hawaonekani. Nilitembea nyuma yao, kadi ya bima mkononi, nikiwaangalia visigino vyao vikizama.

Siku chache baadaye, nikiwa kwenye benchi la wodi, nilifungua Marko sura ya pili. Habari ya yule mwenye kupooza naijua tangu Shule ya Jumapili, na siku zote nilikuwa nikimtazama mgonjwa na lile dari lililotobolewa. Safari hii macho yangu yalisimama kwenye mstari wa tano: "Naye Yesu, alipoiona imani yao." Yao wale waliombeba. Mgonjwa hakuhojiwa kama anaamini au la, wala hatuambiwi kwamba alisema neno lolote. Alikuwa amelala tu, amebebwa, na hiyo ikatosha. Nilikaa na mstari huo muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na mstari wowote.

Daktari alituchorea kichwa kwenye karatasi. Upande wa kushoto wa ubongo, akasema, ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaotunza maneno. Damu ilikuwa imeganda ikaziba mshipa huko, ndicho kiharusi. Presha yake ilikuwa juu kwa muda mrefu, na vidonge alikuwa ameviacha kwa sababu alijisikia mzima. Presha iko hivyo, haiumi. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa makanisani wapo wanaoamini kwamba kumeza dawa kila siku ni dalili ya imani haba. Luka, mmoja wa walioandika Injili, anaitwa tabibu mpendwa katika Wakolosai 4:14, na Paulo, aliyeombea wagonjwa wakapona, alisafiri naye. Sioni ni wapi Biblia inatutaka tuchague kimoja.

Neno lililombakia mume wangu lilikuwa "hapana". Unataka maji? "Hapana," na huku anakinyooshea kikombe mkono. Umelala vizuri? "Hapana." Alijua kwamba silo neno alilotaka, na machozi yalikuwa yakimtoka kwa hasira. Kisha mchungaji alikuja wodini, akasoma Zaburi, akaanza Sala ya Bwana. Mume wangu akaingia. "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe," akaendelea hivyo, ulimi ukiwa mzito lakini maneno yametimia, riziki, deni, majaribu, hadi Amina. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliinuka kuangalia. Mchungaji mwenyewe alinyamaza katikati akamwacha amalize.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza baadaye kwamba ni jambo linalojulikana. Sala tulizozisema tangu utotoni, nyimbo, hata kuhesabu moja mbili tatu, mara nyingi hubaki pale mazungumzo ya kawaida yanapopotea. Maelezo hayo hayakunipunguzia shukrani hata kidogo. Nilimkumbuka mama mkwe wangu, marehemu sasa, aliyemfundisha sala ile jikoni, pembeni ya moto, kabla mtoto hajajua kusoma. Hakujua kwamba anamwekea mwanawe akiba ya wodi ile.

Tukarudishwa nyumbani, na kazi ikaanza. Anayemuuguza mtu wa kiharusi atanielewa. Lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ama sivyo ngozi inaoza mgongoni na kwenye nyonga. Lazima aketishwe wima anapokula, apewe kidogokidogo, na usimpe maji matupu kwa haraka kwani yanaweza kupita njia ya pumzi. Mtori (supu ya ndizi) wa mshare uliopondwa vizuri, usiwe mzito wala mwepesi, ulikuwa msaada mkubwa. Shuleni wenzangu waligawana vipindi vyangu. Mwalimu mkuu alinipangia vya asubuhi tu kwa muda, na hakutaka nimshukuru mbele ya watu.

Jumuiya yetu ilijipanga zamu. Hakuna aliyeniuliza nahitaji nini, na leo naona walifanya vyema, maana ningejibu "tunashukuru, tuko sawa" kama tulivyozoea wote. Walikuja tu. Siku moja nilirudi shuleni nikamkuta mama mmoja, mtu mzima kuliko mimi, ameinama kwenye karai anafua mashuka ya mgonjwa. Yalikuwa mashuka ambayo nisingetaka hata dada yangu wa tumbo moja ayaone.

"Mama, hayo niachie mimi, tafadhali."

Akaendelea kufua. "Mwalimu, mwanangu alipofiwa na mkewe, ninyi mlileta nini?"

"Sikumbuki, mama."

"Mimi nakumbuka. Hebu kaniletee maji mengine."

Nikaenda kumletea maji. Kwa mume wangu ilikuwa ngumu zaidi. Wazee wenzake walitaka kuja kumwogesha ili mimi nipumzike mgongo. Hapo "hapana" yake ilikuwa hapana ya kweli. Mwanamume wa kwetu, mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, na jina, amelelewa kumkaribisha mgeni, kumwuliza atakunywa nini na kumsindikiza hadi njiani. Hakuna popote alipoandaliwa kwa ajili ya kuvuliwa shati na watu aliokaa nao kwenye baraza la wazee. Alikuwa akigeuzia uso ukutani wakiingia. Wao waliketi, wakaimba wimbo mmoja, wakasali, wakaondoka. Kesho yake wakaja tena na maji ya moto.

Na kulikuwa na suala la mkono. Sisi tumefundishwa kutoa na kupokea kwa mkono wa kuume. Mtoto akinyoosha wa kushoto, anarudishwa. Sasa mtu analetewa kikombe cha uji na mkono pekee ulio hai ni ule wa kushoto. Mara nyingi aliacha kitu kiwekwe mezani, asubiri mgeni aondoke ndipo akichukue. Mwinjilisti wetu aliligundua hilo. Alipomletea chungwa, hakuliweka mezani. Alimnyooshea yeye mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akasubiri, akimwangalia usoni, mpaka mume wangu akanyoosha wake. Jambo lile lilichukua dakika nzima, na sijui kama kuna mahubiri ya mwinjilisti yule yaliyowahi kuingia nyumbani kwetu kama chungwa lile.

Zamu yangu ilikuja uwanjani. Nilikuwa nimepata mtu wa kukaa na mgonjwa, nikaenda ibadani. Mnada ukaanza, mkungu mkubwa wa mshare ukapandishwa bei, ukapandishwa tena, na aliyeushinda akasema, "Huo upelekwe kwa Mwalimu." Watu wakanigeukia kwa upendo, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nikitafuta mahali pa kuweka macho. Nilitamani ardhi inifiche. Kijana akautua jikoni kwangu, tukala ndizi zile juma zima, na zilikuwa nzuri. Lakini usiku nilimwambia Mungu kwamba nimechoka kuonewa huruma.

"Ni heri kutoa kuliko kupokea." Matendo 20:35 husomwa kwetu karibu kila mara matoleo yanapopita, na ni neno la Bwana Yesu mwenyewe, naliamini. Ila sikuwahi kusikia mtu akiuliza ile heri ya mtoaji inatoka wapi endapo hakuna anayekubali kupokea. Nikaanza kumsoma Yesu kwa jicho hilo, nikakuta jambo ambalo limeandikwa wazi kabisa. Alimwomba mwanamke Msamaria maji. Alihubiri kwenye chombo cha Simoni cha kuvulia samaki. Aliingia Yerusalemu juu ya punda wa mtu, akala karamu ya mwisho katika chumba cha mtu, akazikwa katika kaburi la Yusufu wa Arimathaya. Luka 8:3 inataja wanawake waliomhudumia kwa mali zao, na hatusomi popote kwamba aliwazuia au aliona haya. Mwana wa Mungu aliishi kwa kupokea, mimi ni nani nikatae mkungu wa ndizi?

Mchungaji, nilipomweleza haya, aliniambia kitu kuhusu Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, ambacho sikukijua. Luther alipofariki Eisleben, mwezi Februari 1546, walikuta karatasi aliyoiandika siku mbili tu kabla. Maneno ya mwisho kwenye karatasi hiyo yanasema kwamba sisi ni ombaomba, na hiyo ni kweli. Mtu aliyeandika vitabu vingi kiasi kile! Nililichukua neno hilo kama chakula. Hata wamisionari wa Leipzig, kutoka Ujerumani, walipofika hapa Machame mwaka 1893 walikuwa wageni wasio na pa kulala, wakihitaji kiwanja, chakula na mtu wa kuwafundisha Kichaga. Tunapenda kusimulia walichotuletea. Babu zetu nao walitoa, na Injili ikaingia kwa mlango huo wa pande mbili.

Nisiwafiche kwamba kulikuwa na usiku mwingi wa giza. Nilikuwa nikimgeuza saa nane, kisha usingizi haurudi, nasoma Zaburi ya 13 kwa tochi ya simu: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Namshukuru Mungu kwamba aliruhusu maneno ya namna hiyo yawe ndani ya kitabu chake. Tuliomba mkono upone. Jumuiya ilifunga na kuomba, kwaya ilikuja ikaomba, watoto wake walioko mbali walikuwa wakiomba kwa simu saa tatu usiku. Mguu ulirudi kwa sehemu. Mkono haukurudi.

Katika nafasi hiyo ndipo wanapoingia watu wenye majibu. Ndugu mmoja alipiga simu kutoka mjini akasema kuna mtumishi anauza maji ya upako, na tusipoyachukua tujue tumechagua wenyewe. Mwingine alikuja akaketi pale kitandani akasema lazima kuna madhabahu ya ukoo inayotufunga, au ahadi ya sadaka ambayo hatukuitimiza. Alisema hayo mbele ya mtu asiyeweza kujibu. Siwachukii. Watu wakiwa na hofu hutafuta pa kushika. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu kwa shilingi 500, na wengi wa kwetu huku mlimani walikwenda, watu wa maombi na wenye akili timamu. Ninachokataa ni kumtwisha mgonjwa lawama. Wanafunzi walimwuliza Yesu swali hilohilo katika Yohana 9, ni yupi aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake. Akajibu kwamba si huyu wala si wazazi wake. Nilimsomea mgeni wangu sura ile, polepole, huku nimemshika mume wangu mkono ule usiosikia. Mgeni alikunywa chai yake akaaga.

Kahawa haikutusubiri. Mwaka ule mvua ilizidi, na ugonjwa wa chulebuni ukapiga miti yetu ya zamani, buni changa zikawa na madoa meusi zikaanguka. Zilizosalia zilipoiva, mimi nilikuwa na mgonjwa ndani na darasa shuleni. Anayeijua kahawa anajua haina subira: ikichumwa leo, inakobolewa leo, vinginevyo inaanza kuchachuka ndani ya ganda lake na ladha inaharibika. Kisha ichachushwe, ioshwe, ianikwe kwenye vichanja, igeuzwegeuzwe kwa siku nyingi, ifunikwe mvua ikitishia. Hiyo kazi ilikuwa ya mume wangu, na alikuwa ameifanya tangu kijana. Asubuhi moja ya Jumamosi nilisikia watu shambani. Walikuwa wanajumuiya, pamoja na jirani yetu Mwislamu na wanawe, na baadhi ya wale vijana wa bodaboda. Walichuma, wakakoboa jioni hiyohiyo kwa mashine ya jirani. Tulimtoa mume wangu nje tukamweka kwenye kiti karibu na vichanja, na kwa mkono wa kushoto akaanza kuchambua mbovu na nzima. Alizichambua hadi giza. Nadhani ilikuwa siku ya kwanza tangu masika niliyomwona amesahau kwamba ni mgonjwa.

Tulipeleka kwenye ushirika gunia chache mno, hazikufikia hata nusu ya mwaka uliotangulia. Habakuki anaandika juu ya mtini usiochanua, mizabibu isiyo na matunda, zizi lisilo na kundi, na bado anasema, "Nitamshangilia Mungu wa wokovu wangu." Nilikuwa nikisoma maneno hayo kama shairi zuri. Ukiyasoma siku umepokea stakabadhi ya kahawa na ada za shule zinadai, unayasoma kwa meno yaliyokazwa, na nadhani nabii naye aliyaandika hivyo.

Kuna jambo moja zaidi la mwaka ule, nalo ni la shemeji yangu. Kati ya kihamba chetu na chake kuna mstari wa masale, mimea inayopandwa mpakani, nao ulisogea miaka ya nyuma. Jinsi ulivyosogea kila upande una simulizi yake, na sitaiandika. Ndugu hao wawili waliacha kusalimiana. Walipokea Chakula cha Bwana kwenye madhabahu moja, mmoja akitokea kulia na mwingine kushoto. Mchungaji alijaribu, wazee wa ukoo walijaribu. Kisha siku moja ya mavuno shemeji alisimama uani kwetu, ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Wasomaji wasiotoka mlimani wajue kwamba kwetu sale ni mpaka wa shamba, na ni msamaha pia. Mtu akikuletea jani hilo akiomba suluhu, kulikataa ni jambo zito mno.

Alisimama mbele ya kiti cha kaka yake. "Kaka, nimekuja."

Mume wangu akasema, "Hapana."

Shemeji alishusha macho. Alikuwa hajakaa naye tangu ugonjwa uanze, hakujua kwamba lile lilikuwa bado neno linalomtoka kwa kila jambo. Nilifungua mdomo kueleza, lakini mume wangu alinitangulia. Alinyoosha mkono wa kushoto, akalishika jani, akalishikilia pamoja na vidole vya mdogo wake, huku akirudia, "Hapana, hapana," na machozi yanatiririka. Shemeji akapiga magoti pale kwenye vumbi la kahawa. Sikumbuki kwamba tuliomba sala yoyote. Nilikwenda kupika, maana hakuna suluhu ya kwetu isiyo na chakula, na wakala kwenye sahani moja. Masale hayajarudishwa yalipokuwa mpaka leo, na mume wangu hajataka yarudishwe. Mimi bado nikipita pale hunichoma kidogo, namwomba Mungu anisaidie.

Pasaka ikazunguka. Alhamisi Kuu somo lilikuwa Yohana 13, Yesu akiwatawadha wanafunzi miguu. Tulikuwa tumemleta mume wangu kanisani kwa kiti cha magurudumu tulichoazimwa, tukaketi karibu na mlango. Msomaji akafika pale Petro anaposema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe," na Yesu anajibu, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Mume wangu alinibana mkono kwa nguvu. Maneno yake yalikuwa yameanza kurudi moja moja wakati huo, na jioni tulipokuwa nyumbani alihangaika sana mpaka akalipata alilolitaka: "Petro. Mimi." Juma lililofuata wazee wenzake walipokuja na maji ya moto hakugeukia ukutani. Walimwogesha wakiimba, naye akaimba nao, kwa sababu nyimbo zilikuwa hazijampotea hata moja.

Watu huniuliza kama sasa tuko sawa. Anatembea kwa mkongojo kutoka mlangoni hadi kwenye vichanja. Anasema sentensi fupi, na akichoka maneno yanapotea hadi asubuhi. Mkono wa kuume uko vilevile. Baadhi ya mibuni ya zamani tumeing'oa tukapanda miche ya kahawa aina ya Lyamungo inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, kwa mikono ya shemeji. Vidonge vya presha viko kwenye kopo karibu na Biblia, anavimeza baada ya sala ya asubuhi. Jumuiya ina mashine ya kupima presha, tuliichangia, na muuguzi mmoja aliye mwanajumuiya hupima watu kabla ya somo. Wameshapatikana waliokuwa hawajui kabisa kwamba wana tatizo, na mmoja ni kijana ambaye hajafika hata miaka 40. Mnadani tumerudi kununua, vitu vidogo, na mara nyingine bado kinaletwa kitu kwetu. Siku hizi nikisikia "upelekwe kwa Mwalimu" nainua mkono na kusema asante kwa sauti, aliyenunua anisikie.

Sasa hivi katika jumuiya yetu iko nyumba ambayo geti lake halifunguliwi tangu baba wa nyumba alipoanza matibabu ya saratani. Walikuwa watu wa kutoa sana. Tukienda na chakula, mke anatoka hadi getini, anashukuru kwa adabu zote, anasema wana kila kitu, anatuaga. Najua sura ile, niliivaa mimi. Juma lililopita nilikwenda bila kitu mkononi, nikamwomba mume wake atukagulie daftari la michango ya jumuiya, kwa kuwa alikuwa mhasibu na hesabu zetu kweli zimevurugika. Mke alisita, akaingia ndani, akarudi akafungua geti. Tulikaa hadi magharibi. Aliyaona makosa mawili kabla chai haijapoa, akasema tumwachie daftari aendelee. Jumamosi nakwenda kulichukua, na mume wangu amesema tutakwenda wote. Kwa mwendo wake itabidi tuondoke mapema.